Sisi Wenye Kukaa Nyuma ya Nguo

Kasongo, tarehe 6 mwezi wa sita 1955

Mudogo wangu Théophile,

Nakusalimia weye wa kwanza juu ndiye mukubwa wa nyumba, kisha Mama Julienne bibi yako, kisha watoto kama vile wanavyofuatana, mpaka yule kuku mwekundu kama hamujamukula. Sisi huku wazima. Bwana yangu Antoine iko na mugongo wake, ule ule, anausifu sawa mutu anasifu shamba. Muchele mwaka huu umekubali. Mutoto wetu Gérard angali ku Salamabila kwenye dhahabu, anaandika mara moja kwa mwaka na barua yote ni kuomba shuka. Jirani yangu amezaa mapacha, na bwana yake anatembea muji muzima sawa ni yeye alibeba mimba.

Sasa neno lenyewe. Kaa kwanza.

Padri mwenye sinema amefika na kamiyo yake, ile gari kubwa. Ile film aliyokamata kwenu mwaka uliopita, ya kufundisha namna ya kupokea mugeni, wametuonyesha ku misioni. Sisi wanawake tulitandika mikeka pa nafasi yetu ya siku zote, nyuma ya ile nguo nyeupe ya kuonyeshea picha, juu mbele ni benchi za makarani na walimu. Hapana shida. Nyuma kuna hewa, watoto wanalala, na nguo ni nyembamba, picha inatokea pande zote mbili.

Nikakuona umesimama pa mulango na shati nyeupe, unamukaribisha muzee Yakubu, ndiye mugeni. Nikasema kwa sauti, yule ni mudogo wangu, nilimubeba mugongoni. Wanawake wote wakanigeukia. Kwa kitambo kidogo nilikuwa sawa bibi ya chifu.

Kisha Célestine, mutoto wako, akatoka na bakuli. Mutoto ni muzuri ku nguo, hata namna ya kutembea. Mama Emilienne alikuwa kando yangu, bega kwa bega, mimi mwenyewe nilimuita aje kumuona mukwe wake. Nilitaka aone shangazi amemuchagulia mwana wake Placide bibi wa namna gani. Célestine akapiga magoti kidogo mbele ya muzee, akanyoosha bakuli. Na mukono wa kushoto.

Mikeka yote ikaanza kunong'ona. Muzee Yakubu naye akapokea na kushoto, akala na kushoto, na weye, katekista muzima, ukafanya alama ya musalaba na kushoto. Nikafunga macho.

Wazungu wa sinema tangu zamani tunawaona wanasalimiana na kushoto, wanaandika na kushoto, wanatia chakula kinywani na kushoto. Hatukushangaa. Ni Wazungu, iko na mambo yao, na wale wa misioni wanatumia mukono wa kuume juu wamejifunza kwetu. Lakini nyinyi?

Mama Emilienne akakunja mukeka wake kabla ya mwisho. Akaniambia pole pole, "Mama Apolline, kama mbele ya padri, mugeni anapewa na kushoto, mimi ku nyumba ya mwanangu nitapewa na muguu."

Sasa watoto wa huku wanacheza kula na kushoto, wanasema mimi ni mutu wa Kabambare, kule kwenu. Na Mama Emilienne amemukataza Placide kupeleka mbuzi za mahari zenye zilibaki. Zile za kwanza anataka zirudishwe. Théophile, hii ndoa ikivunjika namna hii, itavunjika na jina la mutoto ndani yake. Nani atakuja tena kumuomba? Na mimi nilipeleka neno, uso wangu nitauweka wapi?

Niandikie ukweli. Siku ile nini ilifanyika?

Ni miye yaya yako, dada yako mukubwa Apolline, mwenye kuandika pole pole juu masere wa misioni walinifundisha mwaka moja tu, na nusu yake nilikuwa nafagia.

---

Wamaza, tarehe 9 mwezi wa saba 1955

Yaya Apolline,

Amani kwako na kwa shemeji Antoine na mugongo wake. Julienne anasalimia. Kuku mwekundu tulimukula ku Pasaka. Pamba tumepeleka, bei si nzuri, si mubaya. Célestine iko. Anateka maji, anapika, anaitika akiitwa.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Célestine hakutoa na kushoto. Nilikuwa pale. Alitoa na mukono wa kuume, kushoto ikishika kiwiko, sawa mama yetu alitufundisha. Tena si mara moja. Padri alitaka turudie, na turudie, mpaka ile sombe ya majani ya muhogo ikapoa na muzee Yakubu akashiba kweli, na padri akamuomba asipige tena mbweu. Mara zote mutoto alitoa na kuume. Musalaba naufanya na kuume tangu ubatizo.

Pengine macho yako yamechoka. Pengine mukeka uliweka mbali.

Placide ni kijana wa kazi, mukristu, mutoto wa watu wenye heshima. Nataka ndoa hii isimame. Muelezee mama yake.

Uliuliza nini ilifanyika siku ile. Hakuna kingine kilifanyika.

Mudogo wako,
Théophile

---

Kasongo, tarehe 2 mwezi wa nane 1955

Mudogo wangu,

Salamu ku nyumba yote, na pole juu ya kuku, alikuwa na sura nzuri. Antoine anashukuru juu ulimuuliza mugongo, sasa umekuwa muzuri kidogo na hana tena neno la kusema mezani. Wale mapacha mmoja amefanana na babu yake kabisa, na yule babu hapendi.

Macho yangu yamechoka? Miye mwenye naona kutoka mulangoni kwangu yai ndani ya kikwembe ya mutu kule sokoni? Nilikasirika siku mbili. Lakini neno lako likanikaa. Nikaanza kuipika ile film upya ndani ya kichwa, pole pole, sawa sombe. Na nikakumbuka kovu yako.

Ile pembe ya mbuzi ilikupiga juu ya jicho la kuume. Miye ndiye nilikuwa nafunga jani pale. Ku nguo, kovu ilikuwa juu ya jicho la kushoto. Nikasema, mukono unaweza kukosa adabu. Kovu inaweza kuhama?

Nikaenda kwa Dominique, yule kijana wa misioni mwenye kusimama kando ya nguo na bati ya kuongelea, anatuelezea film kwa Kiswahili. Nikamuambia habari ya kovu. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la muchele. Kisha akaomba ile kikwembe yangu ya kujifunga, yenye picha ya jogoo, akaitandaza mbele ya jua. Jogoo alikuwa anaangalia kanisa. Akaniambia nizunguke upande wa pili. Jogoo akawa anaangalia muto.

"Mama," akaniambia, "miaka yote nyinyi munakaa nyuma ya nguo."

Théophile, nilifikiri juu ya wale Wazungu wote. Masikini, namna gani tumewaonea. Na yale maandishi yenye kutangulia film, yenye nilishindwaka kusoma nikasema ni Kifaransa, kumbe ilikuwa Kiswahili kinatembea kinyumenyume.

Kila siku ya Mungu, jumapili, misa ikiisha, Dominique anakaa na wanaume ku baraza, wanachambua film. Sasa na mimi ninakwenda, nachambua karanga pa mulango na masikio iko ndani. Anawafundisha kwamba ukiona film, usihukumu mbio. Jiulize kwanza, mimi nimekaa wapi? Kisha jiulize, mashini ya kukamata picha ilisimama wapi? Juu mashini nayo ni sawa mutu, iko na pahali inaangalia na pahali imegeuzia mugongo. Tena anasema film haikukamatwa yote kwa mufuatano. Wanakata vipande, wanaviunga, sawa fundi anaunga nguo. Jicho lako likiwa zuri utaona mushono.

Wiki iliyopita akaniita na mimi niseme. Nikasema, hii ni film ya kupokea mugeni, lakini jiko haliko. Bakuli linatokea mulangoni limejaa, nani alipika? Sombe ile ni ya Julienne, naijua hata kwa rangi, na Julienne hatukumuona hata kisigino. Wanaume wakacheka, Dominique hakucheka. Alisema, Mama Apolline ameona mahali mashini iligeuzia mugongo. Tangu siku ile hawanipatii tena karanga za kuchambua.

Lakini Mama Emilienne haamini. Nilimupelekea kikwembe yenye jogoo. Akaiangalia huku na huku, akaniambia jogoo si mutu. Anataka kuona na macho yake. Na film imeondoka na kamiyo. Wanasema itaonyeshwa ku Nyangwe mwezi wa tisa mwisho. Basi nimemuambia nataka kwenda Nyangwe kununua samaki, na ninaogopa kwenda peke yangu. Anajua mimi siogopi kitu. Amekubali vilevile.

Yaya yako Apolline,
mwenye macho

---

Wamaza, tarehe 27 mwezi wa nane 1955

Yaya,

Nimefurahi. Nilisoma habari ya jogoo mbele ya Julienne, akacheka na akasema asanti juu ya sombe.

Tafazali, safari ya Nyangwe isikose. Placide asingoje sana, kijana akingoja anaangalia pengine. Mimi na Julienne tuko tayari. Célestine iko tayari. Hakusema hapana.

Théophile

---

Kasongo, tarehe 4 mwezi wa kumi 1955

Mudogo wangu mupenzi,

Pokea salamu zenye harufu ya samaki, juu nyumba yote inanuka, na paka wa jirani wamehamia kwetu. Antoine mugongo umerudi. Gérard ameandika, shuka.

Tulikwenda Nyangwe. Tulipita kusalimia kaburi ya bibi yetu, yule muzaa mama, nikang'oa majani, na wale wangwana wa pale, Waislamu, wakatupatia chai na kuniambia nimefanana naye. Kisha tukaenda ku sinema. Nyangwe ni vilevile, wanaume mbele ku benchi, wanawake nyuma. Nikamushika Mama Emilienne mukono na mukeka ku kichwa, nikatandika mbele ya benchi zote. Baba moja mwenye kofia akaniambia hapa si pa wanawake. Nikamuambia, baba, ndugu yangu na mutoto wake watatokea ku nguo hii. Weye uko na nani mule? Akavuta muguu wake.

Mama Emilienne alikaa na kitunga ya samaki juu ya mapaja, hakukiacha, sawa mutu mwenye anaweza kuondoka wakati wowote. Ukatokea weye na kovu yako pa mahali pake. Ukafanya musalaba na kuume. Célestine akatoka, akapiga magoti, akatoa bakuli, na kuume, kushoto ku kiwiko. Muzee Yakubu akapokea na kuume.

Nilingoja. Mama Emilienne hakuniangalia. Aligeuka akaangalia kule nyuma, mahali wanawake wa Nyangwe walikuwa wameanza kunong'ona. Akaniambia, "Kule wanamutukana mutoto wangu bure." Akaweka samaki chini, akaenda nyuma ya nguo, na nikasikia sauti yake inawaamusha. Akarudi nao na mikeka yao, na watoto wenye kusinzia, wakajaa mbele mpaka ku miguu ya yule baba wa kofia. Dominique, aliyefuata film mpaka Nyangwe, akaomba mashini ianze upya, na padri akakubali.

Basi ndoa yako imesimama. Njiani kurudi alikuwa anahesabu wageni wa harusi. Sherehekea.

Sasa iko neno moja dogo.

Mara ya pili kuiona, mashini ilipoanza upya, sikuwa tena na kazi ya kutafuta mukono. Nikawa na nafasi ya kuangalia tu. Dominique alitufundisha siku moja, mukiwaona watu wa ndani ya film, muangalie na wao wanaangalia wapi. Basi. Muzee Yakubu anaonja, anasema asanti. Kisha inakuja sura ya Célestine peke yake, karibu kabisa, anacheka. Kila mutu anafikiri anamuchekea muzee juu ya asanti yake. Lakini mimi niliona mushono. Pale anatoa chakula, kivuli cha nyumba ni kirefu, ni asubui. Pale anacheka, kivuli kiko chini ya miguu tu, ni jua la kati. Na muzee alikuwa amekaa upande wa kuume. Célestine anacheka upande wa kushoto, kwa mutu mwenye kusimama, juu macho yake imepanda.

Tena hicho si kicheko cha asanti, mudogo wangu. Mimi ni mwanamuke, nilikuwaga na miaka kumi na nane.

Nani alisimama pale? Nauliza tu. Sikumuambia Mama Emilienne. Weye unanijua, unaweza kuwaza namna gani nimeteseka kunyamaza kutoka Nyangwe mpaka Kasongo.

Yaya yako Apolline

---

Wamaza, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1955

Yaya Apolline,

Tunakushukuru sana kwa kazi ya Nyangwe. Mungu akulipe.

Mvua huku imeanza kwa nguvu. Daraja ya kwenda Kabambare imelegea, wanaitengeneza. Mihogo inaendelea. Mutoto wa mwisho alikuwa na homa, amepona.

Placide anaweza kuleta mbuzi zenye zilibaki mbele ya Noeli. Picha ni picha tu.

Théophile

---

Kasongo, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1955

Théophile,

Salamu. Umenijibu juu ya mvua. Mvua niko nayo na huku.

Wanasema film itapita Kabambare mwezi ujao. Mukwende wote. Ukae mbele.

Apolline

---

Wamaza, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1955

Yaya yangu,

Nakusalimia, na leo sina haraka. Julienne anakusalimia, yeye ndiye aliniambia niandike leo leo.

Film ilionyeshwa Kabambare. Tulikwenda, mimi, Julienne na Célestine. Nilikaa mbele, nikawakalisha wote wawili kando yangu, na watu wakaangalia lakini hawakusema juu mimi ni katekista. Niliangalia mahali uliniambia. Nilimuona mutoto wangu ku nguo, kisha nikageuka nikamuangalia kando yangu. Ni mutu moja. Lakini yule wa ku nguo ndiye niliyemufahamu. Huyu wa kando yangu sijamuona akicheka tangu mbuzi za kwanza zilifika.

Uliuliza nani. Ni Moustapha, fundi wa kushona ku soko ya Kabambare, mutoto wa wangwana. Siku ile padri alimuchukua ashike bati yenye kung'aa, ile inarudisha jua ku uso wa mutu apate kuonekana vizuri. Padri alitaka Célestine acheke, akashindwa, mutoto alikuwa anaona haya. Padri akamuambia kijana, sema kitu chako acheke. Sikusikia alisema nini. Mwanga wote wenye uko ku uso wake pale, ni Moustapha aliurudisha.

Yaya, mimi ndiye nafundisha watu katekismu hapa. Nilifikiri nikinyamaza itaisha, na Placide ni kijana muzuri, na mutoto hakusema hapana. Sasa naona hakusema hapana juu hakuna mutu alimuuliza. Nilimuuliza njiani tukirudi. Akasimama. Akaniambia, "Baba, nani amekuambia?" Nikamuambia ni shangazi yako ameangalia. Akalia, kisha akacheka, kisha akabeba mizigo ya mama yake yote mpaka nyumbani.

Moustapha sijamupatia neno. Hajaja na wazee wake, na akija tutaongea mambo marefu, ya dini na ya mengine, na sijui tutafika wapi. Lakini sitamutuma Célestine kwa Placide na ule uso wenye alikuwa nao kando yangu.

Mbuzi nitarudisha. Weye ulipeleka neno, na ni weye naomba uliondoe. Najua ni muzigo gani nakutwika, kisha ya kazi yote uliyofanya. Nisamehe.

Mudogo wako Théophile

---

Kasongo, tarehe 15 mwezi wa kwanza 1956

Mudogo wangu Théophile,

Mwaka mupya ukukute na afya, na Julienne, na watoto, na kuku wenye mutafuga. Antoine iko muzima. Gérard amekuja mwenyewe, tumemupatia shuka.

Barua yako ilifika kisha ya Noeli. Nilikaa nayo siku nyingi. Miye mwenye kupeleka habari ya mutu mbele ya mwenyewe kuijua, nilipita mbele ya nyumba ya Mama Emilienne kila siku na sikuingia. Antoine aliniuliza kama niko mugonjwa, juu nyumba ilikuwa na kimya.

Siku ya kuingia nilimukuta anapepeta muchele. Nikakaa. Nikaongea juu ya mapacha. Nikaongea juu ya daraja yenu. Akaendelea kupepeta tu. Kisha akaniuliza, "Ni juu ya kile kicheko?"

Nikamuangalia. 

Akaniambia, "Nilikuja mbele kuangalia mukono. Ulifikiri macho yangu niliacha nyuma?" Aliona siku ile ile Nyangwe, ile mara ya pili, na samaki zake zimerudi juu ya mapaja. Alihesabu wageni wa harusi njia nzima juu alitaka kuona kama mimi nitasema. Sikusema. Akangoja mwezi, akangoja mwingine. Mbuzi zenye zilibaki aliziacha ndani ya kibanda, ndiyo maana Placide hakufika kwenu. Akaniambia, "Mutoto anacheka na mutu mwengine, hiyo si tusi, ni ujana. Lakini kama mungenyamaza mpaka mwisho, hapo ndipo mungekuwa mumenipatia bibi na mukono wa kushoto."

Nikalia ndani ya muchele wake. Akanifukuza, akasema muchele hautaki chumvi sasa.

Placide ameshajua tangu mwezi wa kumi, mama yake alimuambia. Alikuwa na uchungu, alikwenda kukata miti mizima mizima sawa miti ilimutukana. Sasa naona siku ya Mungu anapaka mafuta ku kichwa tena, na njia yake ya kwenda misa imekuwa ndefu, inazunguka pa nyumba ya mwalimu mwenye mabinti. Atapona. Mbuzi urudishe pole pole. Kama moja amezaa huko kwenu, Mama Emilienne anasema kile kitoto Célestine akifuge.

Film imerudi huku wiki iliyopita, mara ya mwisho, picha zake zimeanza kukwaruzika. Sisi wanawake tunakaa mbele sasa. Wanaume wenye kuchelewa wanakwenda nyuma kusalimiana na Wazungu wa kushoto. Nilisema leo Célestine simuangalii tena, nimemumaliza. Nikakuangalia weye.

Ile picha yenye kufuata kicheko, kivuli ni kile kile kifupi, ni wakati moja. Unamumwagia muzee Yakubu maji ya kunawa. Lakini macho yako hayaangalii mikono ya muzee, hayaangalii maji. Yanaangalia upande wa kushoto, pale bati ilisimama. Na maji yanamwagika chini, muzee anarudisha mikono yake. Kila mutu anacheka pale, wanafikiri umefanya makusudi.

Basi ulijua. Tangu siku ile, mbele ya mbuzi kufika, mbele ya barua yangu ya kwanza. Sitakuuliza, umeshajibu, hata kama ilipita kwanza ku mvua. Mutu mwenye kufundisha katekismu iko na mengi ya kubeba, na mimi nakujua tangu ukiwa mugongoni kwangu, ukiona kitu chenye kukuogopesha unageuza uso unasema hakuna kitu.

Bibi yetu amelala Nyangwe kati ya wangwana, na hatujaacha kumuombea, na sijasikia Mungu akikataa.

Siku Moustapha anakuja na wazee wake, ni weye utawamwagia maji ya kunawa. Maji uyaache yamwagike. Angalia mutoto.

Yaya yako,
Apolline